Chekeche la unga: kisa cha mgonjwa wa siliaki aliyefuata kila sharti na bado hakupona

Kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu kabla ya kukiandika, kwa sababu sehemu ya kosa lililomo ni langu. Mimi ni mtaalamu wa lishe. Mgonjwa mwenyewe ameridhia niandike, na nimebadilisha mambo madogomadogo ili asitambulike. Nitamwita dada huyu, kama nilivyozoea kumwita.

Alivyofika

Alikuwa na miaka 36 na watoto wawili. Kwa miaka mitatu alikuwa akitibiwa upungufu wa damu: anapewa vidonge vya madini ya chuma, damu inapanda kidogo, dozi ikiisha inashuka tena. Tumbo lilimjaa gesi, choo chake kilikuwa laini siku nyingi, na vidonda vya mdomoni vilikuwa haviishi, ila hayo yote hakuyataja mpaka alipoulizwa. Alichokilalamikia ni uchovu. Akipanda ngazi za ghorofa moja, lazima aketi.

Daktari aliyemwona mwaka wa tatu ndiye aliyeuliza swali la maana: chuma chote hiki anachomeza kinaenda wapi? Chuma hufyonzwa zaidi kwenye sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na hapo hasa ndipo ugonjwa wa siliaki unapofanya uharibifu wake. Akampima damu. Antibodi za tTG, yaani zile za kinga ya mwili zinazopanda kwenye damu ya mwenye siliaki, zilikuwa zaidi ya mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida. Akaingiziwa mpira wenye kamera, vikachukuliwa vipande vidogo vya nyama ya utumbo, na chini ya hadubini vikaonekana vile vijidole vinavyofyonza chakula vimelala, karibu kusawazika. Ripoti iliandika Marsh 3b, yaani daraja la uharibifu mkubwa wa utumbo.

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili ikikutana na gluteni inaugeukia utumbo wa mwenyewe na kuushambulia. Huu si mzio wa ngano, wala si tumbo kuchagua chakula. Karibu wagonjwa wote wana jeni za HLA-DQ2 au HLA-DQ8, ambazo kama theluthi ya watu wanazo na wengi wao hawaugui kamwe. Wanaougua ni kama mtu 1 kati ya 100. Hakuna kidonge cha kuchukua nafasi ya masharti ya chakula. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na utumbo ukipumzishwa hujijenga upya.

Nilichomfundisha, na nisichomuuliza

Alikuja kwangu na ripoti mkononi, tukakaa karibu saa nzima. Nilimtajia nafaka za kuepuka, nikamfundisha kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti: kimea hutokana na shayiri, sosi ya soya mara nyingi hutengenezwa kwa ngano, soseji na supu za pakiti huongezewa unga ziwe nzito, na hata kidonge cha dawa inafaa kumuuliza mfamasia wanga wake umetoka wapi. Nikamweleza maana ya maneno "haina gluteni": kwa viwango vya kimataifa vya Codex, chakula hicho kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Aliandika yote. Baada ya wiki mbili alirudi na maswali ambayo hata wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza.

Sikumuuliza nani anapika nyumbani kwao.

Miezi 14

Miezi 6 ya kwanza ilitupa moyo. Antibodi zilishuka hadi mara 4 ya kawaida, uchovu ukapungua, akaanza tena kutembea jioni na mumewe. Kisha kila kitu kikagoma. Mwezi wa 9 mara 4, mwezi wa 14 mara 4. Himoglobini yake ilikuwa gramu 10.3 kwa desilita, wakati mwanamke wa umri wake anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Kwa kawaida antibodi hizi huendelea kushuka, na wengi hufikia kiwango cha kawaida ndani ya mwaka 1 hadi 2. Za kwake zilikwama.

Kwenye faili lake mtu aliandika: "Mgonjwa hafuati masharti." Aliyasoma maneno hayo mwenyewe, faili likiwa limefunguliwa mezani, akiyasoma kwa upande wa chini juu. Hakulia. Alifungua mkoba akatoa daftari, akalisukuma kwangu. Kila mlo wa miezi 14 ulikuwa humo, tarehe pembeni: wali, samaki, mayai, viazi, mboga, uji. Kuna harusi moja ambayo mbele yake ameandika neno "maji" peke yake. "Nionyeshe nilipokosea," akasema.

Nilisoma kurasa nyingi na sikuona kosa. Na nikiri hapa: kabla ya daftari lile, mimi pia nilikuwa nimeanza kumshuku.

Maneno yale ya kwenye faili yananiuma hadi leo. Wapo wagonjwa wanaokula kwa siri, ni kweli. Lakini sababu inayoongoza ya vipimo kugoma ni gluteni inayoendelea kuingia, na mara nyingi mwenyewe hana habari nayo. Ukishamwandika mtu kuwa mkaidi, hutafuti tena. Mgonjwa naye anajifunza kunyamaza, kwa sababu kila atakachosema kitaonekana kisingizio.

Tulivyolichambua

Daktari wake nami tulianza upya. Je, ugonjwa ulikuwa ndio wenyewe? Kwa antibodi zilizokuwa juu kiasi kile pamoja na picha ya utumbo, hapakuwa na shaka. Je, lipo tatizo jingine lililopanda juu ya siliaki? Utumbo ulioumia unaweza kushindwa kwa muda kumeng'enya sukari ya maziwa. Bakteria wanaweza kuzidi kwenye utumbo mwembamba. Kongosho linaweza kutoa vimeng'enya pungufu. Hayo yote huleta gesi na kuharisha, ila hayaelezi kwa nini antibodi zibaki juu. Ipo pia siliaki sugu, ambapo utumbo hauponi hata baada ya gluteni kukoma kabisa. Hiyo ni nadra, na si haki kumtangazia mtu kabla hujathibitisha kwamba gluteni imekoma kweli. Antibodi za dada huyu zilikuwa zikituambia kwamba haijakoma.

Inahitajika kiasi gani? Utafiti mmoja wa Italia uliochapishwa 2007 uliwapa wagonjwa waliokuwa kwenye masharti kiasi kidogo cha gluteni kila siku kwa siku 90, na miligramu 50 kwa siku zilitosha kuvidhuru vijidole vya utumbo. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gramu 2 za gluteni au zaidi. Miligramu 50, basi, ni sehemu 1 ya 40 ya kipande hicho au pungufu ya hapo: zile chembe ambazo mtu anazipangusa mezani kwa kiganja akiwa anaongea na mwenzake.

Kiasi kama hicho hakiwezi kuonekana kwenye daftari. Nikamwomba niende kwao.

Jikoni

Nilichagua asubuhi ya siku ya kuoka, kwa sababu nilitaka kuona kazi ikifanyika. Jiko lililopangwa kwa ajili ya mgeni lisingenifaa. Mpishi wa nyumba ile ni mama mkwe wake, mama wa miaka sabini kasoro, na ningeomba msomaji amwone kama nilivyomwona mimi. Alikuwa ameubeba ugonjwa wa mkwe wake kama wa kwake. Alinionyesha rafu ya juu: unga wa mchele, unga wa mahindi, kila kopo lina kifuniko na jina la mkwe kwa kalamu nene. Sufuria ya mkwe ilikuwa yake peke yake. Mwiko wake peke yake, umefungwa uzi mwekundu shingoni.

"Mama, fanya kazi kama vile mimi sipo," nikamwomba.

Alikuwa anaoka mkate wa ngano kwa ajili ya wajukuu, kisha keki ndogo ya unga wa mchele kwa ajili ya mkwe. Akachekecha unga wa ngano. Alipomaliza akaligonga chekeche mara mbili kwenye ukingo wa meza, akalipangusa kwa kitambaa kikavu, akalirudisha juu ya bakuli safi na kuanza kuchekecha unga wa mchele. Chekeche halioshwi kwa maji, akanieleza, waya unapata kutu na unga unaganda kwenye matundu. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

Nililiomba. Nililigeuza juu ya sahani nyeusi, nikapitisha ncha ya kisu pale waya unapozama kwenye ukingo wa bati. Ukatoka unga ulioshindiliwa, mwembamba kama uzi, urefu wa kidole. Nikapitisha tena upande wa pili, ukatoka mwingine. Mama akainama akautazama kwa muda mrefu, akausukuma kwa kucha ukavunjika.

Unga wa mchele ulikuwa ukichekechwa pale mara moja kwa wiki, kisha ukajazwa kwenye lile kopo lenye jina. Kutoka kopo hilo dada alikula kila siku: uji wa asubuhi, keki, unga wa kupaka samaki kabla ya kukaanga. Kwenye daftari lake chakula hicho kilisomeka "unga wa mchele", na hakuandika uongo.

"Kumbe ni mimi," Mama akasema, akatafuta kiti akakaa. "Miezi yote hii namtilia mimi. Lakini si kinaokwa? Moto hauui?"

Swali hili nimelisikia mara nyingi tangu hapo, na sasa nalijibu siku ya kwanza kabisa kabla hata halijaulizwa. Gluteni si mdudu. Haina uhai, kwa hiyo haifi. Mkate umeokwa kwenye moto mkali na bado una gluteni yake yote. Kuitia sufuria kwenye maji yanayochemka hakusaidii kama haikusuguliwa. Gluteni huondoka kwa maji, sabuni na mkono unaosugua, na pale mkono usipofika, kama kwenye waya wa chekeche au ufa wa ubao wa kukatia, inabaki.

Akauliza na lile ambalo naamini alikuwa nalo moyoni tangu mwanzo: mkate, chakula ambacho watu wamekula tangu enzi na enzi, unamdhuruje mtu? Nikamsimulia habari za Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Ugonjwa ulikuwa unajulikana kabla yake. Daktari Samuel Gee aliueleza London mwaka 1888 na kusema kama upo uponyaji basi uko kwenye chakula, lakini chakula kipi, hakuna aliyejua, na watoto walikuwa wakifa. Dicke alianza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja nchini mwake njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 na 1945. Mkate ukaadimika, na watoto wenye ugonjwa huu, waliokuwa dhaifu kuliko wote, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakarudi kuugua. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo.

Mama alisikiliza huku mikono ina unga hadi kwenye vifundo. "Kwa hiyo hata madaktari hawakujua."

"Hawakujua, Mama."

Nadhani jibu hilo lilimsaidia kuliko maelezo yangu mengine yote. Aliinuka akalitoa chekeche nje.

Oti

Kulikuwa na mlango wa pili, na huo niliufungua mimi. Mara mbili kwa wiki dada alikula oti. Pakiti haikutaja ngano popote, naye akaiona salama. Oti safi wagonjwa wengi wa siliaki huivumilia vizuri, lakini oti ya kawaida huchanganyika na ngano na shayiri shambani, kwenye magari ya kubebea na kwenye mashine za kusaga, kwa hiyo inayofaa ni ile tu iliyothibitishwa kuwa haina gluteni. Karatasi ya maelekezo niliyompa haikusema hivyo. Ilisema "shayiri" tu. Na katika Kiswahili neno hilo linatuchanganya: wengine wakisema shayiri wanamaanisha oti, wengine wanamaanisha ile nafaka inayotoa kimea. Niliandika neno moja, nyumba ile ikaelewa ile ya kimea tu, na oti ikapita bila swali. Siku hizi ninaweka picha za punje.

Walichobadilisha, na walichoacha

Unga wa ngano uliondoka nyumbani kabisa. Hilo nililisisitiza, kwa sababu unga unaruka hewani na kutua juu ya kila kilicho wazi, na hakuna mpangilio wa rafu unaoweza kuuzuia. Chekeche jipya, ubao mpya wa kukatia, sponji mbili za rangi tofauti, makopo mawili ya siagi, maana kisu kilichogusa mkate huacha chembe kwenye siagi. Mafuta yaliyokaangia kitu chenye unga wa ngano hayakaangii chakula chake. Tambi zake hazichemshwi kwenye maji ya tambi za ngano, wala hazichujwi kwa chujio moja nazo.

Mkate wa kununuliwa ulibaki kwa watoto na baba yao, kwenye trei moja kwenye kona moja. Dada alitaka utoke nao. Alikuwa amefika mahali pa kuogopa kugusa vitasa vya milango, akiwafuta watoto midomo kabla hawajambusu. Nilimwambia hofu zote si sawa. Vipimo vilivyochapishwa 2020 vilionyesha kwamba mkate usio na gluteni uliochomwa kwenye tosta ya pamoja haukuchafuka kama tulivyodhani, ilhali tambi zilizochemshwa kwenye maji ya tambi za ngano zilizidi kiwango. Mgonjwa akiambiwa aogope vyote kwa usawa, atachoka, na akichoka ataacha hata vile vya lazima. Nilitaka nguvu zake zote ziende kwenye unga, mafuta, maji na siagi.

Kula kwa watu ndiko kulikobaki kugumu, na sina dawa yake. Zamani alikuwa akisema "nimeshiba", na mwenyeji akawa anamsihi aonje kidogo tu, na kidogo tu ndicho hasa asichoweza. Sasa mumewe hupiga simu mapema, anaeleza kwamba mkewe ana ugonjwa wa utumbo na ngano inamrudisha kitandani, naye huenda ameshakula au amebeba chakula chake. Watu wengi huelewa. Wapo wanaokasirika kwamba chakula chao kimekataliwa, na dada amekubali kwamba baadhi ya hao hatawatembelea tena wakati wa mlo. Aliniambia hili bila uchungu, lakini alilisema akitazama dirishani.

Matokeo

Miezi 4 baada ya siku ile ya jikoni, antibodi zilikuwa mara 2 ya kawaida. Mwezi wa 11 zilikuwa ndani ya kawaida. Himoglobini ilifika 12.6, safari hii ikabaki hapo hata vidonge vya chuma viliposimamishwa. Kwa watu wazima utumbo huchelewa kupona kuliko damu inavyoonyesha, hivyo daktari aliomba kamera tena, na vijidole vilikuwa vimesimama. Mifupa ilipopimwa ilikutwa imepungua uzito kidogo, jambo la kutarajiwa kwa mtu aliyekosa kufyonza kalsiamu kwa miaka, na hilo linashughulikiwa.

Kwenye faili, daktari alipiga mstari juu ya yale maneno na kuandika chini yake kwa mkono wake: gluteni iliingia bila mgonjwa kujua, chanzo kimepatikana. Akatia tarehe na sahihi. Nilimwomba afanye hivyo, na dada alikuwepo akiona.

Watoto

Ndugu wa damu wa karibu, yaani wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa, wana uwezekano wa kama 1 kati ya 10 wa kuwa na ugonjwa huu. Tulipaswa kuwapima watoto tangu mwanzo, tukawapima sasa. Wa kiume hakuwa na kitu, ingawa atapimwa tena baadaye. Wa kike, miaka 9, mtoto anayekimbia siku nzima na halalamikii chochote, antibodi zake zilikuwa mara 3 ya kawaida.

Mtoto ambaye antibodi zake zimevuka mara 10 anaweza, kwa mwongozo wa Ulaya wa 2020, kuthibitishwa kwa kipimo cha pili cha damu bila kamera. Mara 3 haitoshi. Alipangiwa kamera baada ya wiki 6, na hadi siku hiyo ni lazima aendelee kula ngano kila siku, kwa sababu akiacha, utumbo utaanza kupona na kipimo kitadanganya.

Dada alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo nimtilie mimi mwenyewe," akasema.

Kila asubuhi kwa wiki 6 alimkatia mtoto kipande cha mkate, akakiweka kwenye sahani ya njano ambayo haitumiwi na mtu mwingine, akaketi naye mpaka amalize, kisha akanawa mikono hadi kwenye viwiko. Mama mkwe alimwomba ampokee kazi hiyo. Alikataa.